Maji ya Moto kwenye Makopo ya Mshubiri

Bi Mize wa Kikwajuni alikuwa mwoga. Nalisema mapema ili asije mtu akaniambia nimemsengenya, na tena mwenyewe hakuwa akikataa. Akiogopa boti, akiogopa sindano, akiogopa mbwa hata awe amefungwa, akiogopa ngazi za majumba ya Michenzani kwa sababu, akisema, ukianguka pale unafika chini hujamaliza shahada. Simu ikilia alfajiri hushika kifua kwanza ndipo akaipokea, maana kwake yeye simu ya alfajiri ni ya msiba tu. Watu wa mtaani wakimcheka, naye akiwajibu: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Endeleeni na ushujaa wenu, mie nipo."

Kitu kimoja hakukiogopa hata siku moja, nacho ni dawa zake. Alikuwa na meza Mlandege, barazani kwa muuza vyombo, na juu ya meza mwarobaini, mvumbasi, majani ya mkunazi, vifungu vya mrehani, na katikati, mahali pa heshima, mshubiri. Majani yake manene, mazito, ukilishika unahisi umeshika samaki. Ukilikata, kwanza hutiririka utomvu wa manjano, mchungu kuliko nyongo, halafu ndani ndipo ukakutana na ute mweupe. Ule ute akiwauzia walioungua na wanawake wa kupaka nywele. Ule utomvu akiwapa wazee waliofunga choo, tena kwa masharti. "Tone moja, baba," akiwaambia, "usizidishe, utakuja kunilaani mie ukiwa chooni." Wazee wakicheka, wakiondoka, wakirudi kumshukuru.

Mishubiri yenyewe aliipanda nyuma ya nyumba, kwenye makopo ya rangi na mabeseni yaliyopasuka, katika mchanga wa hovyo uliojaa mawe. Na hapo ndipo palipokuwa na ajabu. Jirani yake Saadiya alichukua machipukizi kwake, akayaosha mizizi ikang'ara, akayapanda kwenye udongo mweusi wa kununua, na bado yakabaki membamba, yamesinyaa. Ya Bi Mize yakinenepa humohumo mwenye mawe. Saadiya akasema yule mwanamke ana lake jambo. Hapakuwa na jambo. Bi Mize alikuwa na ada moja tu aliyoirithi kwa mamake huko Bwejuu, ambako kaka yake Jecha anaishi mpaka leo: chipukizi halihamishwi peke yake. Unachota fumba la udongo kutoka kwenye shina la mamake, unalitia pamoja nalo kwenye kopo jipya. Kwa nini? Hajui. Mamake alifanya hivyo, naye anafanya hivyo, yamekwisha.

Siku moja akaja kwake binti wa utafiti, Shaima, kijana mwenye miwani na viatu vya kutembelea shambani, ambaye alikuwa akizunguka kisiwani kuangalia mimea ya dawa. Alianzia Bwejuu kwa Jecha, Jecha akamwelekeza mjini kwa dada yake.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nnataka mizizi."

"Mizizi ya mshubiri haina kazi. Dawa ni jani."

"Mie nnataka mizizi hasa, pamoja na udongo ulioganda."

Bi Mize roho ikamruka. Mtu mwenye miwani anataka udongo wa nyumbani kwako, wewe utafikiri nini? Aliuliza kama unapelekwa polisi, akauliza kama unapelekwa kwa mganga, na Shaima alipomaliza kucheka akamwambia unapelekwa maabara, kuangaliwa kuna nini kinachoinenepesha hivi. Bi Mize akampa kopo moja, lile dogo, shingo upande. Akaahidiwa kuletewa majibu.

Ikapita miezi, majibu yakasahaulika, na nyumbani likazuka jambo kubwa zaidi. Mwanawe Khairat, mwalimu wa skuli, alitaka kumwachisha ziwa mtoto wake Samir, ambaye miaka yake miwili ilishatimia na alikuwa hana habari ya kuacha. Baba wa mtoto, Amour, yuko Bara kikazi, kwa hivyo shauri likabaki kwa mabibi wawili. Bi Kulthum, mamake Amour, mwanamke wa Kiponda, wa nyumba kubwa yenye mlango wa kuchonga na maneno ya kuchonga vilevile, alisema mtoto apelekwe kwake kwa muda, asimwone mamake, atasahau mwenyewe. Bi Mize akaona hapo ananyang'anywa mjukuu.

"Ya nini kumhamisha mtoto?" akasema. "Mshubiri upo. Mie sijaona mtoto aliyeramba mshubiri wangu akarudi tena ziwani."

"Haya," Bi Kulthum akasema, akijifunika baibui lake. "Mshubiri wako, mjukuu wetu."

Hebu lisikieni neno lile. Lilimchoma Bi Mize hadi ndani, na nafikiri ndilo lililomponza.

Khairat akapakwa utomvu ziwani. Samir akaja mbio kama kawaida yake, akaweka mdomo, akautoa, akamtazama mamake kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. "Chungu," akasema. Neno hilo akalijifunza siku ileile. Hakurudi ziwani tena, na Bi Mize akatembea Mlandege kifua mbele. Ila mtoto yule ni mkaidi, kamrithi nani Mungu ndiye ajuaye. Alipokosa ziwa akahamia kwenye kidole gumba. Akinyonya kutwa, akinyonya kwa sauti, mpaka kidole kikawa cheupe na kukunjamana. Na Bi Mize, anayekaa naye mchana Khairat akiwa skuli, akaona hapa atachekwa. Bi Kulthum atakuja Ijumaa, atakuta mtoto ananyonya kidole, atasema: mshubiri wako huo.

Basi akakipaka kidole. Samir akakilamba, akakunja uso, akalia, akakinyonya tena. Akampaka tena. Akakilamba tena. Jamani, mtoto alizoea uchungu! Asubuhi anapakwa, mchana anapakwa, jioni kabla mamake hajarudi kinapanguswa kwa kitambaa, na Khairat hana habari. Si kwamba Bi Mize alimficha kwa ubaya. Alikuwa akingoja ashinde ndipo aseme.

Hapo tumbo la Samir likaanza kuendesha.

Mwanzo Bi Mize alisema ni meno. Halafu akasema ni joto. Mtoto akawa kila akikaa anachafua, akawa hataki uji, akawa amelala mkekani mchana anatazama feni. Na ndipo akaingia Jecha kutoka Bwejuu, na gunia la madafu begani na habari mdomoni. Jecha ni mtu mwema, lakini ukimpa habari ndefu aifikishe mahali, anafikisha mkia wake.

"Nimekutana na yule binti wa miwani," akasema, akitua gunia. "Majibu yako yametoka. Wamekuta bakteria."

"Wamekuta nini?"

"Bakteria. Kwenye mshubiri wako. Tele! Anasema hajapata kuona bakteria wengi kama wale, si wa Bwejuu si wa wapi. Atakuja mwenyewe akueleze. Mbona umekaa chini?"

 Neno lile Bi Mize alilijua. Alilisikia miaka ya kipindupindu, gari ya kipaza sauti ikipita Kikwajuni polepole: bakteria wanaua, bakteria wako kwenye uchafu, nawa mikono, chemsha maji, chemsha maji. Aliwaona watu wakibebwa kwenye machela. Na sasa bakteria tele, wengi kuliko wa mahali popote, wamo kwenye makopo yake, na kutoka kwenye makopo wamepita mkononi mwake, na kutoka mkononi mwake wameingia kwenye kidole cha Samir, na pale kwenye mkeka Samir anatazama feni.

 Jecha akamuuliza ana homa, akasema hapana. Akamuuliza ampikie chai, akasema nenda zako kaka, nenda ukauze madafu yako. Jecha alipotoka tu, Bi Mize akafanya alichofundishwa na gari ya kipaza sauti. Akachemsha maji. Akaweka sufuria kubwa ya pilau jikoni, ikachemka mpaka kifuniko kikacheza, akaibeba kwa vitambaa hadi nyuma ya nyumba, akamimina kopo baada ya kopo, beseni baada ya beseni, kwenye mashina khasa, na mvuke ukampanda usoni. Akarudi, akachemsha nyingine. Majani yakabadilika rangi mbele ya macho yake, yakalegea, yakalala. Harufu yake ilikuwa kama ya mboga iliyosahauliwa jikoni. Akilia huku akimimina, si kwa ajili ya mishubiri, kwa hofu tupu. Alikuwa anawaua wadudu, na alikuwa, tuseme kweli, anaficha.

Khairat aliporudi kutoka skuli alimkuta mtoto macho yameingia ndani. Alimfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.  Akamfunga na kanga mgongoni, akamwita mamake, na wote wawili wakashika njia ya hospitali.

Bi Kulthum aliwakuta huko. Sijui nani alimwambia. Katika mji huu habari mbaya ina miguu yake. Alikaa kwenye benchi, akaanza kuvuta tasbihi. Samir alilazwa, akatafutwa mshipa, ukakosekana, ukatafutwa tena. Hakulia. Bi Mize aliyeogopa sindano maisha yake yote alisimama akaiangalia ile sindano ikiingia, akaomba Mungu mtoto alie, apige kelele, autukane ulimwengu, na mtoto alikuwa kimya.

Daktari alikuwa mwanamke, Dokta Sumaiya, macho yake mekundu ya kutolala lakini sauti yake tulivu. Aliuliza maswali yake.

"Amekula nini siku hizi? Maji ya wapi? Kapewa dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hapana, daktari," Khairat akasema. "Nilimwachisha kwa mshubiri, lakini alionja mara moja tu, hakurudi tena. Labda maji. Labda kaokota kitu."



"Fikirini vizuri," akasema daktari. "Hali yake si nzuri, siwafichi. Hatapiki, hana homa, na tumbo halisimami. Kama kuna kitu alichopewa nami sikijui, naweza kumpa dawa isiyokuwa yake."

Khairat akafikiri, akatikisa kichwa. Bi Kulthum akamtazama Bi Mize, mara moja tu, halafu akarudi kwenye tasbihi yake. Na Bi Mize, nyinyi msomao mtamdharau lakini mwacheni, alisema anakwenda kuvuta hewa, akatoka.

Miguu ilimpeleka mpaka langoni. Kila hatua kichwa kikimwambia neno jipya. Ukisema, watakuita muuaji. Ukisema, Khairat hatakuachia mtoto tena mpaka unaingia kaburini. Ukisema, Bi Kulthum ataipeleka habari Kiponda, Shangani na Malindi, na meza yako ya Mlandege itageuka kituko, watu watapita mbali kama wanavyopita mbali na maji ya mtaro. Na polisi je? Wamo, polisi nao wamo. Ukinyamaza, labda dripu itamsaidia. Labda. Labda maji ya chumvi yatatosha. Alisimama langoni ameshika nondo kwa mikono miwili, watu wakimpita na vikapu vya chakula cha wagonjwa wao, na akajiona kwamba anaogopa watu wazima wanaosema, ilhali mtoto asiyesema yuko ndani anakauka. Hofu ya pili ikaishinda ya kwanza, ndivyo tu. Asije mtu akaniambia alipata ujasiri. Hakupata. Alirudi akiwa na hofu zaidi kuliko alivyotoka.

"Daktari," akasema, hata hajafika kitandani. "Mjukuu wangu nimemtilia sumu mie."

Khairat akageuka. Tasbihi ikasimama.

"Nimempaka mshubiri kidoleni. Anakinyonya, nikampaka. Asubuhi na mchana, tangu pale alipoacha ziwa. Na mshubiri wangu una bakteria. Wamepima wenye kupima, wakakuta tele. Nimempa mtoto bakteria kwa mkono wangu huu." Akaunyoosha mkono ule mbele ya daktari, kama mtu anayetaka uchukuliwe.

"Kidoleni?" Khairat akasema. "Mama? Kila siku? Na mie nakuuliza kala nini, unanambia meno?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Sikusamehe!" Khairat akapiga kelele, chumba kizima kikasikia. "Akipona ndipo uniombe!"

Dokta Sumaiya akainua mkono kuwanyamazisha. "Bakteria gani?" akauliza. "Nani kapima? Nipeni namba yake."

Namba ilikuwepo kwenye simu ya Bi Mize. Shaima akapatikana, daktari akaweka sauti ya juu ili wote wasikie, akamweleza haraka haraka. 

"Daktari, hao siyo," Shaima akasema. "Hao wanaishi mizizini. Juu ya mizizi na ndani yake. Mzizi unatoa utamu kidogo, wao wanakula, na wao wanaufungulia mmea chakula kilichogandamana na mawe, ambacho peke yake usingekipata. Wengine wanauchochea kuzaa mizizi zaidi. Ndiyo maana mshubiri wa Bi Mize unanenepa kwenye mchanga ule mbovu. Hatujamaliza uchunguzi, lakini tuliowaona mpaka sasa ni wa kuulea mmea. Na anapohamisha chipukizi na udongo wa mamake anawahamisha na wao, bila ya kujua. Nilimwambia Mzee Jecha ampe hongera!"

"Hongera hakuifikisha," Bi Mize akasema kwa sauti ndogo.

"Bi Mize, upo hapo? Nnakuja kuchukua udongo wa makopo yote. Tunauhitaji sana."

"Mwanangu, nshayamiminia maji ya moto."

"Yapi?"

"Yote. Nilisikia bakteria, nikachemsha maji. Si ndivyo mnavyotufundisha?"

 Shaima alisema tu, "Lo, Bi Mize," halafu akasema anamwombea mtoto, simu ikakatika.

Basi Bi Mize akavuta pumzi. Alijiona ametua gunia. Bakteria siyo, kwa hivyo si yeye, kwa hivyo ni maji, ni kitu cha kuokota, ni chochote kingine chini ya jua. Alianza hata kusema alhamdulillahi. Lakini Dokta Sumaiya alikuwa bado anamtazama.

"Ulimpaka ule ute mweupe," akauliza, "au utomvu wa manjano?"

"Wa manjano. Mweupe hauna uchungu wa kumwachisha mtu."

"Mwingi?"

"Mpaka kidole kigeuke rangi."

"Na huo utomvu, Bi Mize, wewe ndiye unayeuza. Unawauzia watu kwa ajili ya nini?"

Alifungua mdomo ajibu, maana hilo ni swali analolijibu kila siku ya Mungu barazani Mlandege, analijibu hata usingizini. Jibu likafika ulimini, likamwua palepale. Tone moja, baba, usizidishe. Hilo ni kwa mzee mwenye kifua na mabega, aliyefunga choo wiki nzima. Na huyu ana miaka miwili, kilo zake hazifiki za gunia dogo la mkaa, na amelambishwa asubuhi na mchana mpaka kidole kigeuke rangi. Alikuwa akijua. Hakuna mtu Unguja nzima aliyekuwa akijua kuliko yeye. Lile neno geni la Jecha lilimtisha hata likamfumba macho, akaenda kuwachoma kwa maji ya moto wasiokuwa na hatia, na mkosaji alikuwa kwenye chupa yake mwenyewe, juu ya meza yake mwenyewe, anamjua kwa jina.

"Kwa tumbo," akasema. "Kwa kufungua tumbo."

Alikaa sakafuni, palepale, kwenye vigae vya hospitali. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu hata kujiuliza hakujiuliza. Hofu aliyokuwa nayo langoni ilikuwa mchezo. Hofu hii haikuwa na pa kukimbilia, maana haikuwa na mtu mwingine ndani yake ila yeye.

"Sikilizeni," Dokta Sumaiya akasema, akiandika. "Sasa tunajua, na kujua ni nusu ya kazi. Kilichokuwa kinamwendesha kitakatika, maana hapakwi tena. Tutamrudishia maji na chumvi zake, tutaziangalia figo zake, na tutasubiri. Angenyamaza bibi huyu ningekuwa nimeshampa dawa za wadudu asiokuwa nao." Alimwangalia Bi Mize chini alipokaa. "Inuka, bibi. Sakafu ina baridi."

Hakuinuka. Aliyekuja kumwinua, amini usiamini, ni Bi Kulthum. Alikuja na baibui lake na marashi yake, akamshika kwapa.

"Mie Amour nilimpakia pilipili," akamwambia sikioni, kwa sauti ambayo Khairat asingeisikia. "Ziwani. Akaipangusa kwa mkono, akajifikicha macho. Jicho la kushoto likavimba, nikasema atakuwa kipofu. Sijamwambia mtu mpaka leo."

"Kumbe," Bi Mize akasema.

"Kumbe, ndiyo. Sasa inuka, tusomeshane dua."

Wakakaa benchi moja. Khairat hakuja kukaa nao. Alikaa kitandani na kichwa cha Samir pajani, akimtilia maji ya chumvi kwa kijiko, na kila mamake aliposogea alimpa mgongo. Bi Mize alihesabu matone ya dripu mpaka hesabu ikampotea, akaanza upya. Jioni ya siku ya pili Samir aliufinya uso, akasukuma kijiko, akalia kwa sauti, kilio cha hasira, kilio kizuri kabisa, na mabibi wote wawili wakalia naye.

Akapona. Polepole, kwa uji wa maji na ndizi za kusaga, lakini akapona, na Mungu ashukuriwe. Shaima alikwenda Bwejuu na Jecha kuchota udongo wa mishubiri inayoota kwenye mawe, ile ambayo bado ina watu wake mizizini. Jecha akarudi na hongera kamili safari hii, maneno yote, alivyoshikishwa na Shaima neno kwa neno, na Bi Mize hakuwa na hamu nayo. Nyuma ya nyumba makopo yalioza, akayamwaga. Meza ya Mlandege aliirudia, lakini utomvu aliuondoa, na mzee anayeuulizia anaambiwa hakuna.

Aliyekuwa akimngoja ni Samir. Khairat alimleta nyumbani kwa bibi yake mara ya kwanza baada ya hospitali, akamkalisha mkekani, akamwambia mamake karibia basi, nshachoka kukununia. Bi Mize alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Alikuwa na tende nzuri, laini, akachagua moja iliyonona, akaitoa kokwa, akapiga magoti mbali kidogo, akamnyooshea.

"Mume wangu," akamwita, kama anavyomtania siku zote. "Njoo ule tende kwa mkeo."

Samir aliitazama tende. Akautazama mkono ulioishika, akautazama sana. Halafu akakikunja kidole gumba ndani ya ngumi yake, akaificha ngumi chini ya kanga ya mamake.

"Chungu," akasema.

"Si chungu, mume wangu. Tende hii. Tamu."

"Bibi chungu."

Khairat alicheka, si kicheko cha ubaya, na Bi Mize naye akajaribu kucheka, midomo ikamkatalia. Akaiweka tende kwenye kisahani, akakisukuma hadi katikati ya mkeka, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akakaa akangoja. Samir akakitazama kisahani, akamtazama bibi yake, akaipima njia baina yao. Mwisho akamvuta mamake mkono.

"Mama," akasema, akiionesha tende kwa kidole kingine. "Osha."

Bi Mize akainuka mwenyewe, akakichukua kisahani, akaenda bombani kuiosha.